Texas, Pennsylvania, Minnesota au California: wapi pa kuishi na mbwa bila kugombana na sheria?

Wifi yangu ni nesi wa mikataba. Kila baada ya wiki 13 hufungasha virago na kuhamia hospitali nyingine, mara nyingi jimbo jingine kabisa, na popote anapokwenda Simba yuko naye. Simba ni German Shepherd wa miaka minne, mpole kwa watoto na mkali kwa anayegonga mlango. Safari hii wifi alikuja na mikataba minne mkononi: Houston (Texas), Erie (Pennsylvania), Minneapolis (Minnesota) na San Diego (California). Malipo hayakupishana sana. "Wifi," akaniambia, "mimi nitaishi popote. Nisaidie nijue huyu nitamweka wapi."

Nikaanza pale wanapoanzia wengi. Nikatafuta jimbo linalofunga watu miaka mingi kwa ukatili wa wanyama, nikiamini huko ndiko mbwa anakolindwa. Zikanipotea siku mbili. Kifungo kirefu ni cha mtu anayemmwagia mbwa mafuta ya moto au kumlisha sumu, na wifi hana habari na mambo hayo. Linalomhusu ni kwamba anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Saa hizo 14 Simba atakuwa wapi, amefungwa kwa kitu gani, na nje kuna joto au baridi kiasi gani? Hapo ndipo majimbo yanapoachana kweli, na ndipo Mswahili aliyezoea mbwa wa uani anapoweza kujikuta mahakamani bila kumpiga mbwa hata kofi.

Ninayoyaandika hapa ni sheria za majimbo. Miji na kaunti zina sheria ndogo zake, na aghalabu hizo huwa kali zaidi. Ukishachagua jimbo, ipigie simu ofisi ya wanyama ya mji kabla hujashusha mizigo.

Vifungo, tuvimalize mapema

Tangu 2014, Dakota Kusini ilipobadilisha sheria yake ikiwa ya mwisho, majimbo yote 50 yanahesabu ukatili mkubwa kwa wanyama kuwa kosa zito la jinai. Mwaka 2019 ikaongezeka sheria ya serikali kuu inayomfikia mtu popote alipo, yenye kifungo cha hadi miaka 7 kwa matendo kama kumponda, kumchoma au kumzamisha mnyama kwa makusudi.

Katika majimbo yetu manne, Texas ndiyo yenye adhabu ndefu kuliko zote: kumtesa au kumuua mbwa kikatili, au kumlisha sumu mbwa wa mtu bila ridhaa ya mwenyewe, ni miaka 2 hadi 10 na faini inayofika dola 10,000. Pennsylvania inakwenda hadi miaka 7 na dola 15,000. California ni hadi miaka 3, ila faini yake inafika dola 20,000. Minnesota iko chini: miaka 2 na dola 5,000 ukimuua mbwa au kumjeruhi vibaya kwa makusudi, ikipanda hadi miaka 4 na dola 10,000 kama ulifanya hivyo ili kumtisha binadamu mwenzako. Hicho kipengele cha Minnesota nakiheshimu sana. Kinatambua kwamba mwanamume anayempiga mkewe anaweza kuanza kwa kumuua mbwa wa nyumba, ili mke aone na aelewe.

Hilo la sumu la Texas pia naliomba lisomwe mara mbili na ndugu zetu. Kwetu mbwa wa jirani akisumbua kuku, kuna anayeona kipande cha nyama chenye dawa ya panya ni suluhisho la kawaida. Houston hiyo ni rekodi ya jinai, na kwa mtu mwenye makaratasi ya uhamiaji rekodi ya namna hiyo ni balaa nyingine juu ya balaa.

Kamba: hapa ndipo penye ulinganisho wenyewe

Nimekulia Tanga, Chumbageni. Mbwa wa jirani yetu alifungwa chini ya mwembe tangu alfajiri hadi baada ya swala ya Isha, halafu akafunguliwa azunguke uani usiku kucha. Hakuna aliyeona ni ukatili. Alikuwa mlinzi, na kazi ya mlinzi ni usiku. Tanzania ilikuja kupata Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, lakini sikuwahi kumsikia mtu mtaani akiulizwa kamba ya mbwa wake ina urefu gani. Marekani utaulizwa, na ofisa atakuja na futi.

Kwa hiyo tulimpima Simba. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na futikamba ya fundi cherehani, wifi akashika biskuti mbele ya pua yake ili atulie. Mara ya kwanza nilipima hadi ncha ya mkia nikapata zaidi ya futi nne. Nikarudi kusoma: kipimo cha sheria ni kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, mkia wenyewe hauhesabiwi. Tukarudia, biskuti ya pili ikaenda, na futikamba ikasimama kwenye inchi 36. Futi tatu kamili.

Sasa mchukue mbwa huyo wa futi tatu umpeleke kila jimbo.

Minnesota inataka mnyororo usiopungua mara tatu ya urefu wa mbwa, usioweza kujisokota kwenye vitu au kwenye minyororo ya wanyama wengine, na ukanda wa shingo unaomkaa sawasawa. Simba anapata futi 9. Saa za kumfunga, jimbo halikuzipangia kikomo.

Pennsylvania nayo ni mara tatu ya urefu au futi 10, kinachozidi ndicho kinachofuatwa, hivyo Simba anapata 10. Kamba lazima iwe na kiungo kinachozunguka ili isijikunje, na minyororo mizito ya kuvutia magari au magogo hairuhusiwi, wala kola za kukaba na zenye meno. Awe na maji ya kunywa na kivuli. Mahali alipofungwa pasijae kinyesi, na yeye asiwe na vidonda. Halafu inakuja saa: ziwe pungufu ya tisa katika saa 24. Na juu ya hapo, joto likipita nyuzi 90 za Fahrenheit, ambazo ni kama 32 za Selisiasi, au baridi ikishuka chini ya 32 za Fahrenheit, yaani sufuri ya Selisiasi, mwisho ni dakika 30.

Masharti haya yalitungwa 2017, katika sheria inayojulikana kwa jina la mbwa, Libre. Alikuwa mtoto wa aina ya Boston Terrier aliyeokolewa kaunti ya Lancaster mwaka 2016 akiwa mahututi, na hasira ya watu ndiyo iliyosukuma muswada hadi gavana Tom Wolf akautia saini mwezi wa Juni. Kinachonipendeza ni jinsi kilivyopangwa kipengele cha kamba. Ukitimiza masharti yote hayo, sheria inakuchukulia kuwa hukumtelekeza mbwa, na anayedai vinginevyo ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mgeni wa nchi anahitaji kitu cha namna hiyo: mambo ya kuhesabu na kupima, ambayo hayategemei ofisa aliyekuja ameamka vipi.

Texas ilifika hapo kwa mbinde. Sheria ya zamani ilimtaka ofisa akuonye kwanza na kukupa saa 24 kabla ya kukuandikia kosa, na kwa mbwa aliyefungwa juani bila maji saa 24 ni nyingi mno. Bunge likapitisha marekebisho, gavana Greg Abbott akayakataa Juni 2021, watu wakachachamaa, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo akatia saini toleo jipya. Limeanza kutumika tarehe 18 Januari 2022. Sasa mbwa aliyefungwa nje bila mtu lazima awe na kibanda cha kumkinga na mvua, upepo, joto na baridi kali, chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala. Awe na kivuli, maji safi, na mahali pa kukwepa maji yaliyotuama. Kamba iwe mara tano ya urefu wake au futi 10, kinachozidi ndicho. Kwa Simba hizo ni futi 15, ndefu kuliko majimbo yote. Na mnyororo wa chuma ni marufuku kabisa. Tumia kamba au kebo. Kosa la kwanza ni faini isiyozidi dola 500 kwa kila mbwa. Ukirudia, unaweza kulala jela.

Ila tazama kilichokosekana: saa. Texas haikuweka kikomo cha muda. Ukiwa na kamba ya futi 15, kibanda na maji, sheria ya jimbo haikuulizi kama Simba amefungwa saa 2 au saa 20. Kwa mwenye zamu ndefu hapo ni rahisi kisheria. Kwa Simba mwenyewe, kwenye joto la Houston la Agosti, sioni urahisi wowote.

California imechukua njia yake. Hairuhusu mbwa afungwe kwenye kitu kisichosogea: mti, ua, nguzo, hata kibanda chake mwenyewe. Unachoweza kufanya ni kutandika waya wa juu wenye puli, mbwa akawa anakwenda na kurudi, au kumfunga kwa muda mfupi ukiwa na shughuli maalumu, na muda huo hauvuki saa 3 katika saa 24 isipokuwa ofisi ya wanyama imekuruhusu. Faini inaanzia hadi dola 250 kwa kila mbwa, na kosa likichukuliwa kuwa la jinai inafika dola 1,000, miezi 6 jela, au vyote viwili. Yule mbwa wa mwembe wa Chumbageni, San Diego angemfikisha mwenyewe kizimbani siku ya kwanza.

Nilipomaliza kumsomea wifi, alikaa kimya kidogo kisha akahesabu kwa vidole. Zamu ya saa 12, na safari ya kwenda na kurudi. "Kwa hiyo hata Pennsylvania siwezi kumfunga nje nikaenda kazini." Hawezi. Kati ya majimbo manne, mawili yenye saa, zamu ya nesi inazivuka, na yale mawili yasiyo na saa ni yale yenye joto au baridi ya kutisha. Nesi, dereva wa lori, mlinzi wa ghala, wengi wetu tunaofanya kazi za saa 12 tuko hapo hapo. Baada ya hapo tukaacha kutafuta jimbo la kumfunga Simba, tukaanza kutafuta jimbo ambalo atakaa ndani vizuri na kutoka nje salama.

Baridi na joto

Kama kuna kifungu cha sheria kilichonigusa, ni cha vibanda vya mbwa cha Minnesota. Anayemweka mbwa nje, au kwenye banda lisilo na joto, lazima ampe kibanda kisichopitisha unyevu wala upepo, chenye ukubwa unaomfaa. Sakafu iwe ngumu isiyopitisha maji, au iinuliwe angalau inchi mbili kutoka ardhini. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi mlango uwe na kizuizi cha upepo. Ndani kuwe na matandiko ya kutosha: nyasi kavu, mabua, randa za mwerezi au mablanketi. Kuanzia Mei hadi Oktoba kuwe na kivuli. Inchi mbili! Aliyeandika hivyo amewahi kuona mbwa akilala juu ya udongo ulioganda. Ukisoma kifungu hicho ukiwa na nyundo mkononi, unaweza kujenga kibanda bila kumuuliza mtu.

Hata hivyo, hakuna nyasi kavu zitakazomfaa mbwa aliyezoea ndani usiku wa Januari wa Minneapolis. Kibanda hicho ni kwa mbwa aliyelelewa nje, mwenye manyoya yaliyojengeka tangu mwanzo wa baridi. Simba analala kwenye zulia.

Erie nayo si ya kuchezea. Iko ukingoni mwa ziwa, na siku ya Krismasi ya 2017 peke yake ilidondosha inchi 34 za theluji. Tofauti ni kwamba huko zile dakika 30 zinakupa mstari: chini ya sufuri, mtoe, afanye haja, mrudishe.

Gari la moto ni hatari ambayo wageni wengi hawaijui. Unaingia dukani kununua unga mara moja, mbwa yuko kwenye kiti cha nyuma, ukirudi kioo kimevunjwa. California imemruhusu mtu yeyote, tangu 2017, kuvunja gari kumwokoa mnyama aliye hatarini, mradi gari limefungwa, amekwisha kupiga simu kwa polisi, zimamoto au ofisi ya wanyama, na anawasubiri. Pennsylvania na Minnesota zimewapa ruhusa hiyo maofisa, polisi na wenzao. Texas haina sheria ya jimbo ya peke yake kuhusu mbwa kwenye gari. Utashughulikiwa kwa sheria ya jumla ya ukatili au ya mji wako.

Akimuuma mtu

Hili halihusu ukatili, lakini ndilo linaloweza kukufilisi, na hapa mpangilio wa majimbo unageuka juu chini.

California, mbwa wako akimuuma mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwa, unalipa. Haijalishi hajawahi kuuma, haijalishi hukujua. Wapeleka barua wamo, na takwimu za shirika la posta zinaonyesha walishambuliwa na mbwa zaidi ya mara 5,800 nchi nzima mwaka 2023, California ikiongoza na Texas ikifuata.

Minnesota imekwenda hatua ya ziada: sheria yake inasema "kushambulia au kujeruhi", hivyo hata mbwa akimrukia bibi kwa furaha akaanguka na kuvunjika nyonga, unaweza kudaiwa. Na neno "mwenye mbwa" linamgusa hadi aliyemhifadhi. Ukimwachia rafiki Simba wiki moja, naye yumo, ingawa wewe ndiye unayetangulia kulipa.

Pennsylvania imegawa. Gharama za matibabu unalipa kwa vyovyote. Fidia ya maumivu na mengineyo lazima aliyeumwa athibitishe ulizembea, au mbwa alikuwa anajulikana kwa ukali.

Texas inamtaka aliyeumwa athibitishe kwamba ulijua mbwa ni hatari au ulizembea. Wengi husema ni jimbo la kuuma bure mara ya kwanza. Msiamini hivyo. Mwenye mbwa ambaye kwa uzembe mkubwa hakumdhibiti, akatoka na kumjeruhi mtu vibaya nje ya eneo lake bila kuchokozwa, anashtakiwa kwa kosa zito la jinai, na mtu akifa adhabu inapanda zaidi.

Kwa mbwa kama Simba anayemfokea kila anayegonga, ukienda California au Minnesota tafuta bima kabla hujampeleka mbwa. Soma mkataba wa bima ya nyumba au ya mpangaji, utafute neno mbwa, na kama aina ya mbwa wako imetengwa, ujue mapema.

Leseni, chanjo na aina ya mbwa

Pennsylvania ndiyo yenye leseni ya jimbo zima. Mbwa akifikisha miezi mitatu lazima awe nayo, na huisha kila mwisho wa mwaka. Kwa sasa ni dola 8.70 kwa mwaka, na wazee na wenye ulemavu hulipa pungufu. Ipo pia ya maisha kwa mbwa mwenye chipu. Utaipata kwa mhazini wa kaunti. Jimbo lina askari wake wa mbwa, chini ya wizara ya kilimo, ambao hupita mtaa kwa mtaa wakigonga milango kuuliza leseni na cheti cha chanjo. Dola nane na senti ni kitu kidogo. Kibati kile kinachoning'inia shingoni ndicho kitakachomrudisha mbwa nyumbani akipotea.

California leseni ni lazima kwa mbwa aliyetimiza miezi minne, lakini inatolewa na mji au kaunti, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, na mbwa asiyehasiwa hulipiwa angalau mara mbili ya aliyehasiwa. Texas inataka chanjo hiyo kabla ya wiki 16. Leseni inaachiwa miji. Minnesota pia leseni ni ya mji.

Kuhusu aina, kuna habari njema. Katika majimbo yote manne, mji hauwezi kupiga marufuku pitibuli, German Shepherd au aina nyingine kwa jina lake tu. California imeacha mlango mmoja, wa miji kulazimisha aina fulani zihasiwe. Lakini sheria hiyo inaufunga mji, haimfungi mwenye nyumba. Wifi aliwahi kukataliwa nyumba, na wiki ya kuanza kazi ilikuwa imefika, kwa sababu kampuni iliyopangisha ilikuwa na orodha ya aina zisizotakiwa na Simba alikuwemo. Alilala kwenye hoteli ya barabarani siku tisa. Kwa hiyo usiulize "mnaruhusu mbwa?" Uliza aina, uzito, na ada ya mwezi, na uombe jibu kwa maandishi.

Neno kwa ambao hawajapata mbwa bado, au wanaotaka kumleta wa nyumbani

Kama unanunua, California imezuia tangu 2019 maduka ya wanyama kuuza mbwa waliozalishwa kwa biashara, ikawa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Njia iliyobaki ni makazi ya kuokolea wanyama au mfugaji mwenyewe. Pennsylvania ina historia ndefu na chungu ya mabanda ya kuzalisha mbwa kwa biashara. Mwaka 2008 iliyabana kwa masharti makali, lakini bado ningekuomba uende ukamwone mama wa kitoto unachokinunua, kwa macho yako, kabla ya kutoa hela.

Kumleta mbwa kutoka Mombasa, Kampala, Bujumbura au Goma kwanza kabisa ni jambo la serikali kuu. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa yeyote anayeingia Marekani lazima awe na miezi sita au zaidi, awe na chipu, na mwenyewe ajaze fomu ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC). Nchi zetu zimo kwenye orodha ya hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo karatasi za chanjo ni nyingi zaidi. Anza miezi kadhaa kabla ya tiketi.

Na kaka yangu, ambaye anaendesha teksi ya programu na hapendi mbwa wamguse kwa sababu ya udhu, aliniomba niandike hili: mbwa wa kumsaidia mwenye ulemavu lazima umpakie, jimbo lolote. Unaruhusiwa maswali mawili tu, kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani. Yeye hutandika shuka kiti cha nyuma, anaifua jioni, na anaendelea na maisha.

Ningemshauri nani aende wapi

Mwenye nyumba yenye uzio, anayefanya kazi nyumbani au mwenye mtu nyumbani mchana, aende California bila wasiwasi, mradi ana bima nzuri. Hali ya hewa ya San Diego ni zawadi kwa mnyama, na katazo la kumfunga mbwa mtini halimgusi asiye na haja ya kumfunga.

Mwenye familia kubwa Minneapolis, pale ambapo Wakenya na Wasomali wamejenga maisha na hapakosi mtoto wa kumtembeza mbwa, abaki huko. Sheria ya kibanda ni nzuri. Afanye bidii mbwa asimrukie mtu.

Texas naipendekeza kwa shingo upande. Sheria ya 2022 imeboresha mengi na kamba yake ndiyo ndefu kuliko zote, lakini jimbo lisilohesabu saa linamwachia mbwa afungwe maisha yake yote kihalali. Ukienda Houston au Dallas, jiwekee saa zako mwenyewe, na uulize mji wako, maana sheria ya jimbo inaruhusu miji iwe mikali zaidi.

Kwa mgeni asiyejua Kiingereza cha mahakama, mwenye kazi ya zamu, anayetaka kujua wazi nini anadaiwa, Pennsylvania ndiyo chaguo langu. Kila kitu kinapimika: saa tisa, futi kumi, dakika thelathini, dola 8.70.

Wifi alisaini Erie. Alipata nyumba ya chini yenye mwenye nyumba aliyekubali Simba kwa barua, na ghorofa ya juu anaishi mama mmoja kutoka Bukavu na kijana wake anayesoma chuo. Kijana huyo humtoa Simba saa sita mchana na tena saa kumi, kwa malipo waliyokubaliana. Kwenye ubao wa jikoni wifi ameandika kwa Kiswahili, ili kusiwe na kisingizio: "Chini ya 32, dakika kumi zinatosha." Juzi alinitumia picha: Simba mlangoni, theluji puani, kibati kipya cha leseni kinang'aa shingoni, na mkia ambao sheria haikuuhesabu umetoka kwenye picha kwa kutikiswa.